Mashairi ya Muyaka ndani ya makaratasi ya Taylor: uchambuzi wa kisa kimoja cha uorodheshaji

Mtu wa Mombasa akitaka kuona mashairi ya Muyaka bin Haji yalivyokuwa kwenye karatasi kabla hayajaingia kitabuni, itambidi kwanza amtafute Mwingereza. Karatasi hizo ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika, na zimo ndani ya mkusanyo wenye jina la William Ernest Taylor, mmisionari wa CMS (chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana) aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880. Taylor na Muyaka hawakuwahi kuonana wala hawangeweza: Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na Taylor alizaliwa 1856. Hata hivyo, kwa kanuni za kazi yetu ya nyaraka, mwenye jina juu ya sanduku ni Taylor.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wakutubi wengi wa kwetu hufundishwa uorodheshaji kwa mifano isiyo na utata: mwandishi mmoja, meza moja ya kazi, barua zake, rasimu zake na picha za familia. Anafariki, warithi wanaleta makasha maktabani, mkutubi anapanga. Fasihi ya pwani haikuja hivyo. Mtunzi ni mmoja, aliyehifadhi kichwani ni mwingine, aliyeandika ni wa tatu, na aliyesafiri na karatasi ni wa nne. Fomu ya maktaba ina nafasi moja tu iliyoandikwa “mtunzi”.

Karatasi zilivyofika zilikofika

Muyaka aliishi Mombasa ya Wamazrui. Alitunga mashairi ya kuwatetea watawala wa mji wake, ya kuwakejeli Walamu na ya kumpinga Seyyid Said wa Oman, pamoja na ya mapenzi, ya umaskini, ya bahari na ya mafumbo. Mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo imerahisishwa mno, lakini inaonyesha nafasi aliyopewa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa na utawala wa Wamazrui ukaisha. Mji ulibadilika, mashairi yakabaki vinywani mwa watu.

Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa. Yeye ndiye aliyeyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayatolea maelezo: shairi hili lilisemwa wakati gani, fulani anayetajwa ni nani, neno hili lina maana gani. Taylor alifanya naye kazi. Sikujua alifariki 1890, kwa hiyo ushirikiano wao haukuwa hata na miaka kumi na moja tangu Taylor alipofika Afrika Mashariki. Kama Taylor angechelewa kidogo, au Sikujua angekuwa mtu wa kukaa kimya, leo tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache za methali tu.

Taylor alifariki 1927. Makaratasi yakaingia SOAS, chuo ambacho Alice Werner alikuwa akifundisha Kiswahili. Kutokana na hayo William Hichens alichapisha *Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy*, Johannesburg, 1940, katika chapa za Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Baadaye, mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz akachapisha Nairobi uchambuzi wake mkubwa wa Muyaka. Wengi wetu tumemjua Muyaka kwa vitabu hivi viwili, na tumesahau kwamba nyuma ya vitabu pana karatasi, na mpangilio wa karatasi si ule wa vitabu.

Kanuni inasema nini, na kwa nini nakubaliana nayo

Kanuni ya chanzo ni msingi wa kazi ya nyaraka tangu waraka wa serikali ya Ufaransa wa 1841, ikatiliwa mkazo na kitabu cha Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, mwaka 1898. Kwa ufupi: karatasi zilizotoka mkononi mwa mtu au ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine, na mpangilio waliokuja nao uheshimiwe. Mkutubi wa vitabu hupanga kwa somo. Mhifadhi wa nyaraka hapangi kwa somo, kwa sababu karatasi hupata nusu ya maana yake kutoka kwa karatasi iliyo jirani yake.

Mara kwa mara nimesikia pendekezo kwamba mashairi ya Muyaka yatolewe kwenye makaratasi ya Taylor na yawekewe sanduku lake, “Makaratasi ya Muyaka”. Hisia yake naielewa, lakini kazi yenyewe itaharibu ushahidi. Taylor huyu huyu ndiye aliyechapisha mwaka 1891 kitabu cha methali za Waswahili, na miaka aliyokuwa akikusanya methali ndiyo aliyokuwa akikusanya mashairi. Tazama shairi mashuhuri la Muyaka linaloanza “Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele”. Mtunzi mwenyewe anakiri katika mstari wa kwanza kwamba anaanzia kwenye usemi wa wazee. Mtafiti anayetaka kujua ni wapi methali inaishia na ushairi unaanzia anahitaji daftari la methali na daftari la mashairi yakae ubavu kwa ubavu, kama yalivyokaa mezani pa Taylor. Ukiyatenganisha, hakuna fomu itakayoyarudisha.

Kwa hiyo rafuni, karatasi ni za Taylor. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza kwenye katalogi, kwa sababu msomaji haingii rafuni. Haruhusiwi. Anachokiona ni maelezo tu, na kile ambacho maelezo hayakukitaja, kwake hakipo.

Fomu inavyommeza mtunzi

Kiwango cha kimataifa cha kuelezea nyaraka, ISAD(G), toleo la pili la mwaka 2000, kina vipengele 26. Sita tu ndivyo vinavyohesabiwa kuwa vya lazima: namba ya kumbukumbu, jina la mkusanyo, mwenye kuuzalisha, tarehe, ukubwa, na ngazi ya maelezo. Jaza sita hivyo kwa uaminifu kabisa kwa makaratasi haya. Jina: makaratasi ya Taylor. Mzalishaji: Taylor. Tarehe: miaka ya Taylor. Muyaka hayumo, Sikujua hayumo, Mombasa haimo. Hakuna aliyekosea popote. Kila sanduku la fomu lina jibu sahihi.

Nafasi ya Muyaka iko kwenye kipengele cha hiari, cha yaliyomo. Hapo inategemea mkutubi ana muda gani. Tangu wahifadhi nyaraka wa Marekani, Greene na Meissner, wachapishe makala yao ya 2005, wakishauri maktaba zipunguze kazi ya ukurasa kwa ukurasa ili malimbikizo ya makasha yasiyofunguliwa yapungue, wengi wameichukua kuwa ruhusa ya kuishia kwenye ngazi ya sanduku. Kwa makaratasi ya ofisi ya serikali ushauri wao ni mzuri sana, na makala yenyewe ilikuwa jawabu kwa aibu ya kweli. Jalada la risiti za mwaka 1962 halihitaji kuelezwa risiti moja moja. Lakini daftari la mashairi si jalada la risiti. Kila shairi ni utungo kamili, una kisa chake, una mtu aliyejibiwa au aliyekejeliwa. Sanduku lililoelezwa “mashairi ya Kiswahili, yaliyokusanywa Mombasa” limefungwa hata kama ufunguo uko mlangoni.

Tulichukue shairi moja

Turudi kwenye “Kimya”, tujaribu kulitengenezea ingizo.

Kwanza jina. Mashairi ya zama zile hayakupewa vichwa. Watu huyajua kwa maneno ya mwanzo. Jina tunaloliona kitabuni ni la mhariri. Katika katalogi, mstari wa kwanza ndio utambulisho, na ni lazima unakiliwe ulivyo. Hapa ndipo vijana wetu wa kazi hujikwaa: wanaona “wambavyo” wanaandika “wasemavyo”, wanaona “wavyele” wanaandika “wazee”, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia msomaji. Mbele kidogo shairi lina “mtatile” na “sikidharawile”, yaani kitenzi kwa umbo la kale la Kimvita ambalo Kiswahili sanifu hakinalo. Ukilisanifisha umefuta alama ya mahali na wakati. Lakini ukiliacha peke yake, mwanafunzi wa Dodoma akiandika “kimya wazee” kwenye kisanduku cha kutafutia hatapata kitu. Suluhisho ni kuweka mstari mara mbili: ulivyo kwenye karatasi, na kwa tahajia ya leo, huku ikielezwa wazi kwamba wa pili ni wa mkutubi na si wa mswada.

Pili herufi. Ushairi wa pwani uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wa zamani haukuwa na herufi ya kutosha kila sauti. Alama tatu za irabu zilibeba irabu tano, kwa hiyo *e* na *i* zilishirikiana, *o* na *u* nazo vivyo hivyo. *P* mara nyingi ilikaa kwenye *ba*, na *n* au *m* inayotangulia konsonanti, kama ile ya “ndivyo”, mara nyingi haikuandikwa kabisa. Msomaji aliyelijua shairi alijaza mwenyewe. Asiyelijua hubahatisha. Kila mstari wa Kilatini unaotokana na mswada wa aina hiyo tayari ni tafsiri ya mtu fulani, na katalogi iseme ni ya nani.

Taylor naye alikuwa na ufundi wake. Sikio lake kwa Kimvita lilikuwa kali, akatumia alama juu na chini ya herufi kutofautisha *t* ya kwenye meno na ile ya kwenye ufizi, na sauti zenye mpumuo na zisizo nao. Tofauti hizo Wamvita wanazisikia mpaka leo na Kiswahili sanifu hakiziandiki. Ukipiga chapa ingizo kwa kompyuta ya kawaida, alama zinaanguka moja moja bila mtu kujua. Ushauri wangu ni kutozipigania kwenye kila ingizo. Eleza mara moja, kwenye maelezo ya jumla ya mkusanyo, kwamba zipo na kazi yake ni nini, kisha weka picha ya ukurasa.

Tatu, kitabu. Ingizo la shairi lionyeshe liko ukurasa gani katika diwani ya 1940 na katika kitabu cha 1979, na kama halimo kwa kimojawapo liseme hivyo. Kazi hii inachosha na haina sifa yoyote, lakini ndiyo inayomwezesha mtafiti kuona mhariri alichukua nini na akaacha nini. Maktaba nyingi huiacha kwa hoja kwamba ni kazi ya msomi. Msomi naye huiacha kwa sababu haimpi cheo.

Shairi lenye watunzi wawili

Mashairi mengi ya Muyaka ni majibizano. Mwanzoni mwa miaka ya 1810, Mombasa ilipoungana na Pate dhidi ya Lamu na mambo yakaishia kwenye kushindwa kwao pale Shela, washairi wa pande zote walirushiana beti kabla na baada ya mapigano. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi hayo katika kitabu cha mwaka 1995, *Mashairi ya Vita vya Kuduhu*, na thamani ya kitabu chao iko hasa katika kuyaweka pamoja: beti la Mombasa halieleweki bila la Lamu lililotangulia.

Katalogi ya kawaida huyavunja. Beti za Muyaka kwa Muyaka, za Zahidi kwa Zahidi, na za asiyejulikana kwenye kapu la “asiyejulikana”. Hapa kanuni ya chanzo inatusaidia tena, tukiisoma vizuri: jibizano ni kipande kimoja cha nyaraka. Lipewe namba moja, ndani yake kila beti au kila upande utajwe na msemaji wake. Kisha kuna jambo la uhakika. Jina kama la Muyaka huvuta mashairi yasiyo yake. Shairi zuri la Kimvita lisilo na mwenyewe, miaka hamsini baadaye, huwa la Muyaka. Kwa hiyo ingizo litofautishe kati ya shairi ambalo mtunzi amejitaja ndani yake, shairi ambalo mkusanyaji amesema ni la Muyaka, na shairi ambalo mhariri wa baadaye ndiye aliyemhusisha nalo. Maneno matatu mafupi yanatosha: “kajitaja”, “kwa mkusanyaji”, “kwa mhariri”.

Majina nayo. Mombasa wanamwita Muyaka wa Muhaji. Kitabu cha 1940 kinamwita Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Maktaba za Magharibi zikitaka “jina la ukoo” zinaweza kumweka chini ya *Ghassaniy*, mahali ambapo hakuna Mvita hata mmoja atakayekwenda kumtafuta. Jina kuu liwe Muyaka bin Haji, mengine yaelekeze kwake. Hii si kazi kubwa. Ni mchana mmoja wa mtu anayejua.

Sikujua yuko wapi?

Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kwa Muyaka angalau kuna vitabu. Sikujua hana kitabu, na bila yeye vitabu vile visingekuwapo. Maelezo aliyoyatoa juu ya mashairi ni uhakiki wa fasihi, wa mwanachuoni wa Mombasa, uliotangulia uhakiki wa chuo kikuu chochote. Katika maelezo mengi hutajwa kama “msaidizi” wa Taylor. Fomu inaruhusu zaidi: viwango vya leo vina nafasi ya kutaja watu kwa wadhifa wao, mkusanyaji, mfafanuzi, mwandishi wa mkono, mmiliki wa awali. Nafasi hizo hazijazwi kwa sababu mkutubi hakuulizwa azijaze.

Tunajua inawezekana kwa sababu imefanywa kwa mtu mwingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na mwandishi wa hati nzuri mno, aliwaandikia Alice Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann kurasa nyingi, na kazi zake zikatawanyika London na Ujerumani chini ya majina ya wateja wake. Mwaka 1983 Abou Egl aliandika tasnifu SOAS juu ya maisha na kazi za Kijuma, na 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha kitabu kinachokusanya maandishi yake kutoka makaratasi ya Dammann na mikusanyo mingine. Karatasi hazikuhamishwa hata moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anaitwa Kijuma ambaye unaweza kumtafuta kwa jina lake, na mwandiko wake unatambulika popote ulipo.

Waliojaribu

Tusidhani tunaanza sufuri. J. W. T. Allen alichapisha mwaka 1970, Leiden, katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naipenda katalogi hiyo kwa sababu ya neno *kanda*. Allen alielewa kwamba utendi unaosomwa kwa sauti ni nyaraka sawasawa na ulioandikwa. Dammann alifuata na katalogi yake ya miswada iliyoko Ujerumani, 1993. SOAS yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliendesha mradi wa miswada ya Kiswahili uliolenga kuelezea mswada mmoja mmoja na kuweka maelezo mtandaoni, na Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyeishi London, alikuwa miongoni mwa waliotia elimu yao humo. Kazi ya aina hiyo haifanyiki bila mtu kama Sheikh Yahya. Unaweza kumfundisha mkutubi ISAD(G) kwa wiki mbili. Kumfundisha kuusoma mstari wa Kimvita usio na nukta za kutosha kunahitaji umri.

Kasoro iliyobaki ni kwamba katalogi hizi hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Utungo mmoja unaweza kuwa na nakala Dar, nakala London na nakala Ujerumani, kila moja na tahajia yake ya mstari wa kwanza, na mtafiti ndiye anayebaki kuziunganisha kichwani. Picha za mtandaoni zimepunguza nauli ya ndege, hilo nalishukuru, lakini picha isiyo na maelezo ya Kiswahili bado iko London.

Ningefanyaje

Karatasi zibaki zilipo na namba zake za sasa, kwa sababu tasnifu na vitabu vya miaka themanini vimezinukuu kwa namba hizo. Maelezo ya mkusanyo yaandikwe upya kwa Kiswahili na Kiingereza, na sentensi ya kwanza iwataje watatu, Muyaka, Sikujua na Taylor, kila mmoja kwa kazi yake. Kila shairi lipate ingizo: mstari wa kwanza mara mbili, msemaji, kiwango cha uhakika, nani kalifafanua, ukurasa wa vitabu, picha. Maelezo ya Sikujua yapewe maingizo yao wenyewe, si kuachwa kuwa mkia wa shairi.

Kisha nakala ya maingizo hayo, si picha tu, ipelekwe Mombasa, katika taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Kenya, na iwe ya kuhaririwa. Namaanisha mzee wa Mji wa Kale akisema “beti hili si la Muyaka, ni la fulani, na babu yangu alilisoma hivi”, pawe na safu ya kuliandika hilo kwa jina lake na tarehe, pembeni ya kauli ya Taylor, bila kuifuta yoyote. Gharama kubwa hapo si programu wala mashine. Ni mshahara wa watu wawili wanaojua Kimvita na herufi za Kiarabu, kwa miaka kadhaa, na watu hao wanapungua.